Mke wa Rais, Pia Mwanahistoria: Uhakiki wa Wasifu wa Adame Ba Konaré

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki wasifu mmoja mfupi, usiozidi maneno 300, ulioandikwa kwa Kiswahili na wanafunzi wa semina yetu ya tafsiri ili uingizwe katika Wikipedia, kamusi elezo huru ya intaneti ambayo tawi lake la Kiswahili lilianzishwa mwaka 2003. Mhusika wa wasifu huo ni Adame Ba Konaré, mwanahistoria wa Mali aliyezaliwa Ségou mwaka 1947. Yawezekana msomaji akauliza kwa nini jarida la masomo ya Kiswahili litoe kurasa zake kwa kazi ya wanafunzi, tena juu ya mtaalamu ambaye vitabu vyake tunavyovijua ni vya Kifaransa. Jibu letu ni kwamba kasoro tulizozikuta katika rasimu ile hazikutokana na uvivu wala na kutoijua historia. Zilitokana na sentensi za Kiswahili ambazo kila mmoja wetu huziandika bila kufikiri, na ambazo, zikishapangwa moja baada ya nyingine, humwondoa mwanahistoria katika wasifu wake mwenyewe na kumweka mtu mwingine mahali pake.

Jina la Ba Konaré halikuletwa na mwalimu. Lililetwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa amesoma kitabu kilichochapishwa Paris mwaka 2008 chini ya uongozi wake, na ambaye alivutiwa kwanza na dibaji, kwa kuwa imeandikwa na Elikia M'Bokolo, mwanahistoria mzaliwa wa Kinshasa. Alikifungua kitabu kwa sababu ya Mkongo, akabaki nacho kwa sababu ya Mmali. Tutakirudia kitabu hicho hapo mbele, kwa maana ndicho kilichotupa taabu kuliko vyote katika tafsiri.

Rasimu ya kwanza ilianza hivi: “Mama Adame Ba Konaré ni mke wa Rais wa zamani wa Mali, Alpha Oumar Konaré. Pia ni mwanahistoria wa kike. Aliolewa na Alpha Oumar Konaré na alisoma naye Warsaw, Poland. Baadaye alikuwa waziri wa utamaduni. Akiwa mke wa Rais aliandika kamusi ya wanawake mashuhuri wa Mali.”

Tukiacha sentensi moja tutakayoifikia, hakuna uongo hapa. Alpha Oumar Konaré alikuwa Rais wa Mali tangu Juni 1992 hadi Juni 2002, na katika miaka hiyo 10 Ba Konaré alikuwa mke wa Rais. Wote wawili walisoma Warsaw. Kamusi ilitoka mwaka 1993. Hata hivyo, mtu akisoma aya hii ataondoka akiamini kwamba huyu ni mwanamke aliyeingia katika historia kwa mlango wa Ikulu, kisha, kwa kuwa alikuwa na nafasi na wasaidizi, akaandika kitabu.

Tuanze na neno pia, kwa sababu udogo wake unalificha. Kazi ya pia katika Kiswahili ni kuongeza. Kinachotangulia ndicho msingi, na kinachofuata ni nyongeza ambayo ingeweza kuachwa bila msingi kutikisika. Tuliwaomba wanafunzi waigeuze sentensi: “Alpha Oumar Konaré ni mume wa mwanahistoria Adame Ba Konaré. Pia alikuwa Rais wa Mali.” Darasa zima lilicheka. Mmoja akasema kwa haki kabisa kwamba urais ni jambo kubwa kuliko uandishi wa vitabu, na kwamba msomaji wa Kiswahili atamtambua mtu huyu kwa haraka zaidi akitajiwa Rais. Hoja hiyo haina budi kujibiwa, maana si ya mzaha. Jibu letu ni kwamba sentensi ya kwanza ya makala ya kamusi elezo haikusudiwi kumtambulisha mtu kwa jirani zake. Inaeleza kwa nini mtu huyu ana kidahizo chake mwenyewe, yaani jina lake peke yake juu ya ukurasa. Ikiwa sababu ni mume, basi ukurasa hauhitajiki, na mstari mmoja katika makala ya mume unatosha. Ikiwa ukurasa unahitajika, sababu yake ni nyingine, na hiyo nyingine ndiyo inayopaswa kutangulia.

Na sababu hiyo ipo, tena ina tarehe. Kitabu chake juu ya Sonni Ali Ber kilichapishwa Niamey mwaka 1977. Mwaka 1983 ilitoka orodha ya tarehe kuu za historia ya Mali, Les grandes dates du Mali, aliyoiandika pamoja na mumewe (rasimu ilikitaja kitabu hiki kuwa cha mume peke yake). Mwaka 1987 kilitoka kitabu chake juu ya Da Monzon na utendi wa Ségou, mji alikozaliwa. Alikuwa amefundisha historia katika École normale supérieure ya Bamako. Yote hayo yalitangulia Juni 1992. Kati ya kitabu cha kwanza na siku alipokuwa mke wa Rais ipo miaka 15, na miaka hiyo 15 ilimezwa na neno moja lenye herufi tatu. Tulipoipanga upya rasimu kwa kufuata miaka, bila kuongeza sifa yoyote, sura ya mtu ilibadilika papo hapo.

Mwaka 2014, katika Wikipedia ya Kiingereza, wasifu takriban 15 tu kati ya kila 100 ulimhusu mwanamke, na tangu hapo hesabu hiyo imepanda hadi kukaribia 20. Juhudi zilizoipandisha ni za kusifiwa. Lakini hesabu hutaja kurasa tu, wala haitwambii lolote juu ya sentensi ya kwanza ya kila ukurasa.

Maneno “wa kike” yana kisa chake. Wanafunzi waliyatoa katika Kifaransa, ambamo neno historienne lina kiishio kinachotaja jinsia. Mfasiri aliyelelewa katika shule zetu huona kiishio hicho, akahisi kwamba akikiacha atakuwa ameiba kitu katika matini. Tofauti ni kwamba Kifaransa kinamlazimisha mwandishi, ilhali Kiswahili hakimlazimishi. Nomino mwanahistoria haina jinsia hata kidogo. Kwa hiyo kinachokuwa sharti la sarufi katika lugha ile kinageuka kuwa uamuzi katika lugha hii, na uamuzi hubeba maana. “Mwanahistoria wa kike” katika Kiswahili humaanisha kwamba wapo wanahistoria, halafu kuna hawa wengine. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walijikuta katika mjadala wa namna hiyo mwaka 2013, ilipogunduliwa kwamba wanawake walikuwa wakiondolewa katika orodha ya waandishi wa riwaya wa Marekani na kuhamishiwa katika orodha ya waandishi wa kike. Orodha kuu ilikuwa ikibaki na wanaume peke yao, bila hata mmoja wao kuitwa wa kiume.

Tukafuta “wa kike”. Hapo tukapata tatizo ambalo hatukulitarajia. Adame, na zaidi sana Adam, ambayo ni namna nyingine jina lake lilivyoandikwa, kwa sikio la Kiswahili ni Adamu. Kiambishi nafsi a- hakisemi kitu juu ya jinsia. Msomaji wa Bukavu au wa Kisangani asiyezijua desturi za majina ya Mali angesoma makala yote na kumaliza akiamini kwamba amesoma habari za mwanamume. Lugha yetu, ambayo tumezoea kuisifu kwa usawa wa ngeli ya kwanza, inaweza kumfuta mwanamke kwa upole mkubwa. Suluhisho tulilolichagua lina kejeli ndani yake. Tuliiacha habari ya ndoa katika aya ya pili, na kwa maneno “mume wake” msomaji anajulishwa kwamba mhusika ni mwanamke. Ndoa imekubaliwa kubaki kwa sababu ya sarufi.

Kiambishi hicho hicho ndicho kilichozaa sentensi ya uongo tuliyoitaja. “Alisoma naye Warsaw, Poland. Baadaye alikuwa waziri wa utamaduni.” Ni nani aliyekuwa waziri? Ni Alpha Oumar Konaré, aliyeingia serikalini mwaka 1978. Ila sentensi, kwa kanuni za kawaida za Kiswahili, inaendeleza kiima kilichotangulia, yaani mke. Katika Kifaransa il na elle zingetenganisha mambo. Kwetu sisi, watu wawili wenye jina moja la ukoo, wenye taaluma moja, waliosoma mji mmoja, wakiwekwa katika aya moja chini ya a- moja, hawatenganiki tena. Hatari haiendi upande mmoja tu. Hapa mke alipewa uwaziri wa mume, lakini katika rasimu nyingine ya kikundi kile kile mume alipewa kitabu cha mke. Shauri letu kwa waandishi wa wasifu wa wanandoa wasomi ni kurudia jina bila kuona haya, hata pale mwalimu wa mtindo angelalamika kwamba marudio yanachosha. Nasi tukaamua kwamba baada ya kutajwa mara ya kwanza ataitwa Ba Konaré, wala si Konaré, kwa kuwa Konaré peke yake atakuwa mume kila mara.

Juu ya kitenzi olewa sitasema mengi. Kila mwanafunzi wa isimu anajua kwamba katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kwamba kauli ya kutendwa humweka mwanamke upande wa anayefanyiwa. Sidhani kwamba mtu akimwambia shangazi yake “uliolewa mwaka gani?” amemtukana. Kamusi elezo ni jambo jingine, na walioana inatosha.

Mama ndilo lililoleta ubishi mkali. Kwetu, mwanamke wa umri ule na wa cheo kile haitwi kwa jina tupu. Kuandika “Ba Konaré alichapisha” kuliwaudhi wanafunzi wawili kana kwamba tumemwita kwa kumnyooshea kidole. Hisia hiyo ni ya adabu na hatuidharau. Lakini tuliwauliza kama wangeandika “Baba Elikia M'Bokolo alichapisha”, wakakataa mara moja, wakisema kwamba yeye ni Profesa. Huyu naye alikuwa profesa. Heshima tunayompa mwanamume kwa kazi yake tunampa mwanamke kwa uzazi wake, hata pale tusipojua kama ana watoto. Kikundi kilikubali kuliondoa neno hilo katika maandishi na kulibakiza katika mazungumzo ya semina. Mpaka leo tunapozungumza darasani tunasema Mama Konaré, na tukiandika tunasema Ba Konaré.

Hapa yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe. Katika orodha ya vitabu, mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika jina la mtungaji wa kitabu cha 1977 kuwa Adam Konaré Ba. Nikaona kwamba amegeuza mpangilio na kuacha herufi, nikasahihisha kwa wino mwekundu, tena kwa kujiamini. Kikundi kilipotafuta kitabu hicho kwa jina nililolisahihisha, hakikuonekana, nacho kikaondolewa katika rasimu kwa kukosa ushahidi. Majuma mawili baadaye mwanafunzi yule, kwa heshima zote, alinionyesha kwamba alikuwa amenakili jina kama lilivyochapishwa. Ni mtu yule yule. Jina la baba na jina la mume yamebadilishana nafasi kati ya kitabu na kitabu, na jina la kwanza lina herufi e au halina. Mwanamume msomi huandika jina moja tangu tasnifu hadi kustaafu, na maktaba humkuta pale pale. Mwanamke aliyeolewa, kwa kutiwa chini ya B katika orodha moja na chini ya K katika nyingine, hugawanywa kuwa waandishi wawili, kila mmoja akiwa na nusu ya kazi. Rasimu ya sasa inataja namna zote za jina katika mstari wa kwanza, nasi tumependekeza kurasa za kuelekeza kutoka kila namna. Pengine hilo ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote tuliyoyafanya, na halikuhitaji nadharia yoyote.

Kitabu kile nilichokipoteza ndicho kinachonifanya niamini kwamba wasifu huu ulistahili taabu tuliyoipata. Sonni Ali Ber alitawala Songhai tangu 1464 hadi 1492. Tunamjua kwa njia mbili zinazopingana. Tarikh za Timbuktu, zilizoandikwa kwa Kiarabu na wanazuoni, zinamwonyesha kuwa dhalimu, mtesi wa wanazuoni wa mji wao. Masimulizi ya mdomo yanamkumbuka kama mfalme mkuu mwenye nguvu za uganga. Ba Konaré alianza kazi yake kwa mtu ambaye wasifu wake uliandikwa na wale waliomchukia. Ni vigumu kumpata mhusika mwingine ambaye angefaa zaidi kutufundisha namna ya kusoma wasifu wake mwenyewe.

Kamusi ya 1993, iliyotolewa na Jamana mjini Bamako, inaitwa Dictionnaire des femmes célèbres du Mali, na kichwa chake kidogo kinaeleza mipaka yake: tangu nyakati za visasili hadi tarehe 26 Machi 1991, siku Rais Moussa Traoré alipopinduliwa baada ya maandamano ambayo wanawake nao walishiriki. Kabla ya vidahizo kuna uchambuzi juu ya nafasi na sura ya mwanamke katika historia ya Mali. Msomaji ataona mara moja kwamba huyu amefanya, miaka minane kabla ya Wikipedia kuanzishwa mwaka 2001, kazi ile ile ambayo wahariri wa leo wanaifanya, yaani kuwapa wanawake vidahizo vyao wenyewe. Lakini amekubali kitu ambacho Wikipedia haikikubali. Wanawake wa visasili hawana hati. Kanuni ya kamusi elezo inadai kwamba kila dai litegemee chanzo kilichochapishwa, na neno la jeli wa Mali, kama neno la mzee wetu wa kijiji, si chanzo. Habari ile ile ikishachapishwa na mwanahistoria mwaka 1993, inageuka kuwa chanzo halali. Tuna mashaka na mpaka huu, ingawa hatuna mwingine bora wa kupendekeza. Tuliloweza kufanya ni kuandika “kwa mujibu wa kamusi ya 1993” kila tulipoitumia.

Kuna jambo jingine ambalo uaminifu wa uhakiki unatulazimisha kulisema, hata kama linawakera wanaompenda mhusika. Jamana ni ushirika ulioanzishwa na Alpha Oumar Konaré mwaka 1983. Kitabu kilichotolewa na nyumba iliyoasisiwa na mume, katika mwaka ambao mume ni Rais, hakiwezi kuwa ushahidi pekee wa umaarufu wa mtungaji. Wanafunzi walitaka kuificha habari hii. Tukaamua kuitaja kwa ufupi, na kutafuta ushahidi wa umuhimu wa kitabu katika kazi za wengine waliokitumia. Nao wapo, maana kitabu hiki hutajwa na wanaochunguza historia ya wanawake wa Afrika Magharibi.

Vyanzo vina uzito wao, nao uzito huo hauko sawa. Juu ya mke wa Rais magazeti huandika kila juma, kwa kuwa hufungua shule, hupokea wageni, husafiri. Juu ya mwalimu wa historia huandika majarida ya taaluma, mara moja, katika kurasa mbili, na majarida yenyewe hayapatikani kwa urahisi katika maktaba zetu. Mwandishi akifuata tu wingi wa karatasi, ataandika wasifu wa mke wa Rais bila kukusudia ubaya wowote, na kila sentensi itakuwa na tanbihi yake. Tunakumbuka habari ya mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland: rasimu ya makala juu yake ilikataliwa katika Wikipedia ya Kiingereza Mei 2018 kwa upungufu wa vyanzo, na Oktoba mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Aliyekataa rasimu alifuata kanuni.

Baada ya majadiliano hayo, upande mmoja wa semina ulitaka kufuta kabisa habari ya Ikulu. Tulipinga, na bado tunapinga. Mwaka 1998 Ba Konaré mwenyewe alichapisha hotuba zake katika kitabu Ces mots que je partage, na juu ya jalada akajiita mke wa Rais wa nchi ya Afrika. Mtu asiyeona haya kuandika cheo hicho juu ya kitabu chake hahitaji wanafunzi wa Kongo wamfichie. Zaidi ya hayo, ukitazama alichokifanya na cheo hicho utaona mkono wa mwanahistoria: alianzisha Bamako jumba la makumbusho la wanawake, Muso Kunda, ambalo jina lake linaanza na neno la Kibambara muso, yaani mwanamke. Baada ya kamusi ya wanawake likafuata jumba la wanawake. Ikulu ilimpa uwezo, lakini swali alilokuwa akilishughulikia lilikuwa lake tangu zamani. Kwa hiyo habari hii imebaki, katika aya ya tatu, mahali ambapo miaka inaiweka.

Sasa tukifikie kitabu cha 2008. Tarehe 26 Julai 2007, katika Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop mjini Dakar, Rais wa Ufaransa wa wakati huo, Nicolas Sarkozy, alitoa hotuba ambamo alidai kwamba mtu wa Afrika hakuwa ameingia vya kutosha katika historia. Ba Konaré aliwaita wanahistoria wenzake wajibu kwa njia ya taaluma. Jibu lilitolewa na La Découverte, likiwa na dibaji ya M'Bokolo na neno la mwisho la Catherine Clément, kwa jina refu la Petit précis de remise à niveau sur l'histoire africaine à l'usage du président Sarkozy. Rasimu yetu ililitafsiri hivi: “Kitabu kidogo cha kumwelimisha Rais Sarkozy juu ya historia ya Afrika.” Maana ipo, lakini sumu imetoka. Remise à niveau, kama anavyojua kila mtu aliyepita katika shule za mfumo wa Kifaransa, ni masomo ya ziada anayopewa mwanafunzi aliyebaki nyuma ili awafikie wenzake. Précis ni kile kitabu chembamba cha muhtasari wa somo. Jina zima ni sauti ya mwalimu mvumilivu anayemwita mwanafunzi mmoja abaki darasani wengine wakienda kucheza. Baada ya majaribio mengi tulifikia “Muhtasari wa masomo ya kufidia katika historia ya Afrika, kwa matumizi ya Rais Sarkozy”. Hatujaridhika nalo. Masomo ya kufidia yanaeleweka katika shule zetu, lakini mchapo wa Kifaransa ni mwepesi kuliko wetu.

Rasimu ilikuwa imekiweka kitabu hicho chini ya kichwa “Misimamo ya kisiasa”, kando ya habari za Ikulu. Kosa hili ni zito kuliko yote, nalo lilikuwa la mwisho kuonekana. Mwaka 2008 mume wake alikuwa ameondoka madarakani tangu miaka sita. Hakusema kama mke wa Rais akimjibu Rais mwingine. Alisema kama mwanahistoria aliyekusanya wanahistoria, nao walijibu kwa sura za kitabu. Kulihesabu jibu hilo kuwa siasa ni kumkubalia aliyetoa hotuba kwamba historia ya Afrika ni maoni. Sasa kitabu kimo katika orodha ya kazi zake, baada ya riwaya yake ya 2006, Quand l'ail se frotte à l'encens.

Rasimu ya pili ilikuja na ugonjwa wa upande wa pili. Wanafunzi, wakiwa wametubu, waliandika “mwanahistoria nguli”, “simba jike wa Afrika”, “kalamu isiyochoka”. Waluba wana kasala, utanzu wa sifa ambao wengi wetu tumeusikia katika misiba na sherehe, na Mali ina majeli wake. Aimbaye kasala huimba mbele ya watu wanaomjua anayesifiwa, wanaoweza kupima kila jina la sifa kwa matendo wanayoyakumbuka. Msomaji wa kamusi elezo hamjui mhusika, na sifa kwake haina cha kupimiwa. Tukafuta sifa zote 11 na kuweka mahali pake miaka na majina ya vitabu.

Aya ya kwanza sasa inasomeka hivi: “Adame Ba Konaré (pia Adam Konaré Ba, Adam Ba Konaré, alizaliwa Ségou, 1947) ni mwanahistoria wa Mali. Ameandika juu ya Sonni Ali Ber wa Songhai (1977), juu ya utendi wa Ségou (1987), na kamusi ya wanawake mashuhuri wa Mali (1993). Alifundisha katika École normale supérieure ya Bamako. Mwaka 2008 aliongoza kitabu cha wanahistoria kilichoijibu hotuba ya Rais Nicolas Sarkozy ya Dakar.” Neno pia limebaki mara moja, mbele ya jina lake la pili. Mwanafunzi aliyemleta Ba Konaré katika semina anataka M'Bokolo atajwe katika sentensi ya mwisho, kwa sababu msomaji wa Kongo atavutiwa naye kama alivyovutiwa yeye. Mwenzake anasema kwamba tumetoka kumwondoa mwanamume mmoja katika aya hiyo, na hapana haja ya kumwingiza mwingine. Wote wawili wana hoja, na rasimu ingali mikononi mwao.